Itaendelea au Mwisho? Kuandika riwaya kwa sehemu, au kuimaliza kwanza

Hadithi yangu ndefu ya kwanza niliiandika kwenye simu. Ilikuwa na sehemu 64, tatu kwa wiki, na kila sehemu iliishia na lile neno ambalo wasomaji wa mitandaoni wanalijua kuliko jina la mwandishi: ITAENDELEA. Ya pili niliiandika kwa miaka mitatu, nayo hakuna aliyeiona hata ukurasa mmoja mpaka ilipokwisha. Kwa kuwa zote mbili nilizifikisha mwisho, vijana wanaoanza kuandika hunijia na swali lilelile: "Dada, nianze kuposti sehemu ya kwanza, au niandike kwanza mpaka mwisho?"

Zamani nililijibu kama swali la biashara. Nilizungumzia wafuasi, bei na wezi wa hadithi. Siku hizi naanza na kazi yenyewe, kwa sababu nimeona kwamba namna utakavyoitoa hadithi huingia mpaka ndani ya sentensi. Mpe mwandishi mmoja kisa kimoja, akiandike kwa sehemu mwaka huu na kwa mswada mwakani, atakuletea hadithi mbili zisizofanana.

Zote mbili zina ukoo

Kwanza tuiondoe dharau. Wapo wanaosema hadithi za sehemu ni za kupotezea muda, na riwaya ni ile yenye jalada. Sikubaliani nao. Aliyelelewa na bibi mwenye hadithi anakumbuka kwamba baada ya "Paukwa" na "Pakawa" hapakuwa na kitabu, na kwamba bibi alipoona macho yanafumba aliikata hadithi palepale zimwi linapobisha hodi, mkaikuta kesho yake. Hata katika maandishi, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ambayo ni miongoni mwa kazi ndefu za mwanzo za nathari ya Kiswahili, ilitoka kwa sehemu, ya kwanza mwaka 1895 na ya mwisho 1907. Baadaye magazeti yakatuzoesha kusubiri: nyumbani kwetu gazeti la wiki lilinunuliwa kwa ajili ya ukurasa wa hadithi, na aliyelichana kabla wengine hawajasoma alikuwa na kesi ya kujibu.

Mswada uliokamilika nao una wazee wake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka 1960. Ukizisoma hadithi za mpelelezi wake, Bwana Msa, unaelewa kwa nini mtu asingeweza kuziandika kwa kubahatisha. Siri zake hukaa ndani ya koo: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani pasipo watu kujua. Fundo moja likifungwa vibaya mwanzoni, mpelelezi hana cha kufungua mwishoni.

Kwa hiyo usichague kwa kuona haya. Chagua kwa kujua kila njia inakupa nini na inakuchukulia nini.

Unamsikia nani unapoandika

Nianze na raha ya sehemu, maana ni raha ya kweli. Saa tatu usiku naweka sehemu mpya, saa tatu na dakika tano majibu yameshaanza kuingia. Alikuwepo muuguzi mmoja wa zamu za usiku ambaye aliniandikia, "Dada mwandishi, leo nipo wodini mpaka asubuhi, nitumie mbili." Wengine walilia arosto. Neno hilo mtaani lilikuwa la mtu aliyekosa kitu alichokizoea, na wasomaji wa hadithi za sehemu wamelifanya lao: "Dada, usituache na arosto mpaka Ijumaa."

Kwa mwandishi anayeanza, sauti hizo zinaokoa maisha ya hadithi. Hadithi nyingi za mwanzo hufia sura ya tatu, na mara nyingi si kwa ubaya wake. Zimekosa tu mtu wa kuziulizia. Kabla ya ile ya sehemu nilikuwa nimeanza nne, na hakuna iliyovuka ukurasa wa 30. Ile ilivuka kwa sababu Jumatano ilifika kila wiki, nikiwa na homa au bila homa, umeme ukiwepo au umekatika. Sehemu moja ilikuwa na maneno kama 900. Zidisha kwa 64, unapata zaidi ya maneno 57,000, ambayo ni riwaya kamili. Sikuwahi kukaa chini nikajiambia naandika riwaya. Nilikuwa naandika sehemu ya Jumatano.

Zawadi ya pili ya wasomaji sikuitarajia. Katika sehemu ya 12, mama wa mhusika wangu, mwanamke wa kusini Unguja anayesokota kamba, alifukia makumbi ya nazi pwani na kuyafukua baada ya wiki mbili. Haikupita saa moja. Wanawake watatu wa Zanzibar waliniandikia, wa kwanza kwa upole: "Mwanangu, makumbi hukaa mchangani miezi, si wiki. Ukiyafukua mapema usumba haukubali kuachana na ganda." Wa pili akaniongezea harufu: alisema makumbi yakifukuliwa mikono hunuka siku nzima, unakula chakula unaisikia. Sentensi ya mikono inayonuka niliiweka sehemu ya 15, na mpaka leo ndiyo sentensi inayotajwa na watu wakikumbuka hadithi ile. Hakuna kitabu ningekifungua kikanipa harufu hiyo.

Sasa gharama yake. Sauti hizohizo zinazokufanya uandike ndizo zinazokushika mkono. Mhusika wangu, Salma, nilipanga amsamehe baba yake sehemu ya 30. Maoni ya sehemu ya 29 yalikuwa ya hasira. Watu walimtaka baba yule aumie. Nikaahirisha msamaha. Sehemu ya 36 nikaahirisha tena. Msamaha ulikuja sehemu ya 51, ukiwa umechoka, baada ya ajali, deni na kesi ya shamba ambavyo havikuwemo kichwani mwangu nilipoanza. Mwaka mmoja baadaye niliisoma hadithi yote kwa mfululizo, nikaona sehemu ishirini na moja ambazo zimo kwa sababu tu watu walikuwa wamekasirika. Wasomaji hawakukosea. Msomaji ana haki ya kukasirika. Aliyepaswa kushika usukani ni mimi.

Na taharuki nayo ina bei. Hadithi ya sehemu inadai kila maneno 900 yaishie pabaya, ili mtu arudi. Nilipohesabu, sehemu 17 zilikwisha kwa mlango kugongwa au simu kuita. Tendo likirudiwa hivyo, mlango unaacha kutisha. Kibaya zaidi ni kile ambacho hakikuandikwa kabisa. Nilikuwa na onyesho la Salma na mama yake wakichambua mchele sebuleni, hawasemi kitu, na katika kutosema kwao msomaji angejua kwamba mama anajua. Nililiacha. Sehemu isiyo na tukio hupata maoni machache, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuyahesabu maoni.

Mswada ni nyumba nyingine. Humo hakuna anayekusubiri. Niliandika alfajiri, kabla ya daladala, nusu ukurasa, siku nyingine mistari mitano. Hesabu inadanganya kwa urahisi wake: maneno 500 kwa siku ni riwaya ya maneno 50,000 kwa siku 100. Mimi ilinichukua miaka mitatu, na ndani yake miezi 14 nilikwama sura ya 11. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimenyamaza, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nasema. Mswada hauna Jumatano. Ukiwa mtu wa kusukumwa, jua hilo kabla hujaingia.

Lakini ndani ya kimya kile niliandika onyesho la mchele. Lilikuwa na kurasa tatu, wanawake wawili, ungo mmoja, bila mlango kugongwa. Nililiandika mara sita, na mara ya sita nikajua limekaa.

Kimya kinaweza pia kuwa kirefu kuliko maisha. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa 1968. Nikizishika nafikiria kwamba aliyeziandika hakupata kumwona mtu amezifungua mapajani. Mwandishi wa sehemu hawezi kupatwa na hilo. Anajua usiku uleule.

Haki ya kurudi nyuma

Mtu akinibana niseme tofauti moja tu, nitasema hii. Anayeandika mswada anaweza kurudi sura ya kwanza. Anayetoa sehemu hawezi.

Nilipomaliza sura ya 22, ya mwisho katika mswada wangu, niliuchapisha kwa printa, nikaupeleka kwa mwalimu aliyenifundisha Kiswahili sekondari, ambaye sasa amestaafu. Nilimwamkia, akanikaribisha kahawa, akaupima mzigo kwa mkono. "Niachie wiki mbili." Nilirudi baada ya wiki tatu. Hakuwa ameandika mengi pembeni. Makosa ya tahajia aliyatia duara, vishazi vilivyogongana alivipigia mstari. Lakini juu ya sura ya tano palikuwa na maneno manne ya penseli: "Hapa ndipo hadithi inapoanza."

"Na zile nne za kwanza, mwalimu?"

"Mwanangu, hizo ulikuwa unajisimulia wewe ili uijue hadithi. Umeshaijua. Msomaji hazimhusu."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi, nimenuna. Kisha nikaona jambo ambalo hata yeye hakulisema. Sura nne zile zilikuwa za kaka mkubwa, na hadithi ilikuwa ya mdogo wake wa kike, aliyeingia sura ya tano akiwa amebeba ndoo. Nilifuta maneno 11,000. Niliyahamishia mambo mawili mbele kwa njia ya kisengere nyuma, yaani kumrudisha msomaji kwenye yaliyopita, mengine yakaenda. Hakuna aliyeumia, maana hakuna aliyekuwa ameyasoma.

Linganisha na hadithi ya sehemu. Sehemu ya 7 niliandika, kwa kupita tu, kwamba bibi yake Salma alifariki kabla Salma hajazaliwa. Sehemu ya 40 nikahitaji mtu mzima mmoja anayeijua siri ya ndoa ya kwanza ya baba, na mtu pekee aliyefaa alikuwa bibi huyohuyo. Wasomaji mia kadhaa walikuwa wameshamzika. Nikalazimika kumleta bibi mdogo, dada wa marehemu, kutoka Tumbatu, ambaye katika sehemu 39 hakuna aliyewahi kumtaja. Msomaji mmoja akaandika kwa adabu kabisa: "Dada, huyu bibi alikuwa wapi msibani?" Hakukuwa na jibu. Kiraka kilikuwa kinaonekana, na nilikipigilia mbele za watu.

Wapo waliobeba mzigo wa sehemu kwa ustadi mkubwa. Charles Dickens wa Uingereza alitoa riwaya zake kwa vipande vya kila mwezi au kila wiki, na kwa nyingi alikuwa na karatasi maalumu kwa kila kipande: upande mmoja maswali anayojiuliza, upande mwingine sura na matukio. Tabia hiyo nimeiiga, na naipendekeza kwa yeyote atakayechagua sehemu. Hata hivyo, alipofariki Juni 1870, riwaya yake ya mwisho ilikuwa imeandikwa mpaka kipande cha sita kati ya 12 alivyopanga, na wasomaji wakabaki na fumbo lisilo na jibu. Kwenye simu zetu huhitaji kufa ili uache fumbo. Hadithi zinazokatika sehemu ya 23 ni nyingi, na msomaji aliyeachwa hapo huwa mgumu kumfuata mwandishi yuleyule mara ya pili. Ukiweka sehemu ya kwanza, umekopa.

Sikiliza hadithi ni ya aina gani

Hapa ndipo watu wengi wanapochagua vibaya: wanaangalia hali yao na kusahau kisa chenyewe.

Hadithi ya upelelezi, au yoyote inayosimama juu ya siri ya ukoo, usiitoe kwa sehemu mpaka sura ya mwisho iwe imeandikwa. Si kupangwa tu, iwe imeandikwa, kwa maneno. Siri uliyo nayo kichwani hubadilika. Iliyoandikwa inakudai uiheshimu. Nimeyasema ya Bwana Msa.

Hadithi ya safari, ya mapenzi yenye vikwazo vingi, ya kijana anayetoka kijijini kwenda mjini kutafuta, hiyo inaipenda sehemu. Mwendo wake ni wa kituo kwa kituo, na msomaji hupanda na kushuka bila kupotea.

Riwaya inayotembea ndani ya nafsi, maliza kwanza. Nafikiria Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba cha mwaka 1990 kinachokwenda kama ndoto, ambacho mimi mwenyewe nilikisoma mara mbili ndipo nikaanza kupata mahali pa kusimama. Mtu angewezaje kukikatakata na kuweka ITAENDELEA? Msomaji wake anahitaji kukipata chote mkononi ili aweze kurudi nyuma, kama mwandishi alivyorudi.

Na kama hadithi inatokana na nyumbani kwenu, hata ukibadilisha majina na mji, nakusihi: maliza kwanza. Ukiitoa kwa sehemu, shangazi atasoma ya tatu na kufika mlangoni kabla hujaandika ya nne. Kuanzia hapo utakuwa unaandika ya kupatanisha, au unaandika ya kulipiza, na zote mbili zitaiharibu. Ukiwa na mswada kamili unaweza kumwita shangazi, mkakaa, mkazungumza, ukaamua ukiwa umetulia nini kibaki na nini kitoke.

Pesa na haki

Hapa sitakaa sana, ingawa najua ndipo wengi wanaporukia kwanza.

Hadithi yangu ya sehemu niliitoa bure mpaka ya 20, kisha nikafungua kundi la kulipia WhatsApp kwa shilingi 2,000. Walilipa watu 312, yaani shilingi 624,000, pesa niliyoiona kwenye simu siku ileile msomaji alipoituma. Kundi la WhatsApp halipiti watu 1,024, hivyo kuna dari, lakini kwa mwandishi mpya dari hiyo iko juu sana. Sasa chukua watu haohao 312 wakanunua kitabu cha shilingi 15,000 kwa mchapishaji anayekulipa mrabaha wa asilimia 10: ni 1,500 kwa nakala, jumla 468,000, na huenda usiione mpaka hesabu za mwaka zifungwe. Kabla ya hapo umesubiri majibu ya mswada. Mimi nilisubiri miezi tisa.

Ila kitabu kina umri. Kundi langu lilinyamaza wiki mbili baada ya MWISHO, wakati kitabu kinaweza kuuzwa miaka kumi. Na kuna mlango ambao sehemu haiufungui: shule. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilipokuwa kitabu teule cha sekondari nchini Kenya ilisomwa darasani nchi nzima, mwaka baada ya mwaka. Hakuna kundi la simu litakalokufikisha huko. Unahitaji mhariri, mchapishaji, nambari ya ISBN, ambayo Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na unahitaji maandishi yaliyosafishwa kuliko ya usiku wa Jumatano.

Tuzo nazo ni hoja ya kusubiri. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo imefungua mlango kwa miswada ya Kiswahili. Soma masharti ya mwaka husika kabla hujaweka sehemu ya kwanza popote. Hadithi iliyokwisha kusambaa kwenye simu inaweza kuhesabiwa kuwa imechapishwa, na huwezi kuirudisha.

Wizi upo. Nilipofika sehemu ya 33 nilikuta hadithi yangu kwenye kundi nisilolijua, jina langu limetolewa, jingine limewekwa. Kisheria kazi ni yako tangu ulipoiandika, na Tanzania na Kenya haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yako. Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Hifadhi rasimu zenye tarehe, taja jina lako ndani ya maandishi na si juu tu, na ukiweza sajili kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Mwandishi wa mswada huibiwa kwa nadra zaidi, kwa sababu ni wachache waliouona.

Kuandika ni mlango mmoja, kutoa ni mwingine

Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigĩkũyũ ndani ya gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni. Ilichapishwa 1980, na kwa Kiswahili tunaijua kama Shetani Msalabani. Alipoiandika hakuwa na msomaji wa kumwambia chochote. Lakini mwenyewe amesimulia jinsi kitabu kilivyopokelewa: familia zilikusanyika jioni kikasomwa kwa sauti, na kwenye baa alikuwepo msomaji ambaye, glasi yake ikikauka pale hadithi inapokolea, alikiweka kitabu chini, na wasikilizaji wakakimbilia kumjazia ili aendelee.

Kisa hicho kilinifungua macho. Kitabu kizima, kilichoandikwa kwa kimya cha kulazimishwa, kikaishi kwa vipande na kelele. Kumbe si lazima namna ya kuandika iwe namna ya kutoa. Ndiyo njia ninayoitumia sasa kwa hadithi yangu ya tatu. Nimeandika ukurasa wa mwisho kwanza, kwa mkono, nikaukunja ndani ya jalada la daftari. Kila sehemu ina karatasi yake ya maswali. Sitaweka hata moja mpaka niwe na 40 kati ya 52 ninazozikadiria, ili kama ya 38 itamhitaji bibi, niweze kurudi ya 7 nimfufue kwa amani. Nikianza kutoa, nitawasikiliza wasomaji kwa jambo la makumbi na harufu ya mikono, maana hapo wanajua kuliko mimi. Kwa jambo la nani asamehewe lini, nitasoma maoni yao kwa heshima na nitaendelea nilivyopanga. Na ikifika MWISHO nitaiweka kando miezi mitatu, kisha niisome upya kama rasimu ya kwanza.

Njia hii hukupunguzia lile joto la kuandika huku watu wanasubiri. Sikufichi hilo. Kwa hiyo sitampa kila mtu ushauri uleule.

Kama hujawahi kumaliza hadithi ndefu hata moja, anza na sehemu. Usisubiri akiba ya 40, hutaifikia. Andika tano, jua mwisho wako, weka ya kwanza Jumatatu. Utakosea mbele za watu, na utajifunza kumaliza, jambo ambalo huwezi kufundishwa na mtu. Ila usiitumie hadithi unayoipenda kuliko zote; ichukue ya pili yake.

Kama umeshamaliza moja na unajua mkono wako unaweza kufika, na ndani yako ipo hadithi unayoiogopa kidogo, hiyo ipe kimya. Tafuta mtu mmoja wa kuisoma ikikamilika, mmoja anayejua Kiswahili na asiyekuogopa. Tenga miaka, si miezi.

Kama kodi ya nyumba inakutazama, toa kwa sehemu na usione haya, lakini kila asubuhi ipatie ile nyingine nusu ukurasa kabla hujafungua simu.

Mimi nimefika sehemu ya 29. Muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye sasa amehamishiwa wodi ya wazazi, ameniuliza mara mbili mwezi huu kama nimeacha kuandika. Jana nilimjibu, "Sijaacha, dada yangu. Bado kumi na moja."